Kamera inazimwa kwenye baraka: tujadili ibada ya mtandaoni na kukusanyika kanisani

Mleta uzi

Wakuu, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) hapa Dar es Salaam. Kwenye baraza la wazee nimepewa kuwasimamia vijana wa habari, yaani kamera, sauti na kurusha ibada mubashara. Kila bajeti ikija nawapigania wapate bando la kutosha na betri ya akiba umeme ukikatika. Nasema hivyo mapema ili mtu asidhani nimekuja kuupiga vita mtandao.

Hoja yangu ni moja. Ibada ya mtandaoni inampa mtu karibu kila anachokuja kuchukua kanisani: neno, nyimbo, maombi, hata namba ya kutolea sadaka. Asichoweza ni kuwapa wenzake alichonacho, na wenzake wakamhitaji. Na hicho ndicho Agano Jipya linachokazia kila linapogusa habari ya kukusanyika.

Tusome Waebrania 10. Mstari wa 25 tumeukariri wote, maana ndio wachungaji wanaowasomea watoro: tusiache kukusanyika pamoja, kama ilivyo desturi ya wengine. Lakini sababu iko mstari wa 24: "tukaangaliane sisi kwa sisi na kuhimizana katika upendo na kazi nzuri." Mwandishi hawatishi watu kwamba wakibaki nyumbani watakosa mahubiri. Mahubiri mazuri utayapata hata saa nane usiku ukiwa kitandani, tena ya wahubiri hodari kuliko wa kwenu. Kuangaliana ndiko hutakupata. Mhubiri wa kwenye simu unamjua, yeye hakujui. Ukiugua wiki tatu, kwake hakijapungua kitu.

Kurusha ibada si jambo la juzi. Januari 1921 kituo cha KDKA cha Pittsburgh, Marekani, kilirusha redioni ibada ya kanisa la Calvary Episcopal, na Januari 1924 BBC ikarusha yake kutoka St Martin-in-the-Fields, London. Huku kwetu, Shirikisho la Kilutheri Duniani lilikuwa na kituo Addis Ababa kuanzia 1963 hadi serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilipokitaifisha mwaka 1977, na vipindi vya Kiswahili vilikuwa vikirekodiwa Moshi, kwenye studio ya Sauti ya Injili. Wazee wetu walisikiliza injili redioni katikati ya wiki na Jumapili wakavaa wakaenda kanisani. Redio ile haikumwambia mtu kwamba yeye sasa ni muumini wake. Leo kuna huduma zinazosema wazi kabisa kwamba ukijiunga na chaneli yao tayari una kanisa, tena una mchungaji, tena una mahali pa kupeleka zaka. Hilo ndilo jipya, na ndilo linalonikosesha raha.

Watu wanapenda kusema ni corona iliyotufikisha hapa. Kwa majirani zetu waliofungiwa, sawa. Kwa Tanzania tuseme ukweli: mwaka 2020 serikali ya Magufuli haikufunga nyumba za ibada, na tarehe 17 hadi 19 Aprili nchi nzima tuliitwa kwenye siku tatu za maombi. Waliohamia kwenye simu wengi walihama wenyewe, taratibu, kwa sababu zao: nauli ya familia nzima, foleni, uchovu wa wiki, mtoto mchanga, na wengine kwa jambo lililowaudhi palepale kanisani. Ndiyo maana sioni kama kuwakemea madhabahuni kutawarudisha. Hata hawapo kusikia.

Sasa nieleze ninachokiona nikiwa nyuma ya kamera. Laivu yetu inakatwa kwenye baraka. Mchungaji akishasema amina ya mwisho, kijana anafifisha picha, anaweka bango la shukrani, kazi imekwisha. Aliyeko nyumbani anajua ibada imeisha. Sisi tuliopo ndiyo kwanza tunatoka nje kwa wimbo, tunapeana mikono mstari mzima, na mnada unaanza.

Walutheri hamhitaji kuelezwa mnada. Kwa wengine: mtu asiye na noti analeta alichovuna au alichofuga, kinawekwa mbele wakati wa sadaka, na baada ya ibada mzee mwenye sauti anakinadi uwanjani. Jumapili moja bibi mmoja mjane wa mtaa wetu alileta tetea, kafungwa miguu kwa kamba ya mkonge. Fundi wa gereji akapandisha mpaka shilingi 25,000, akalipa, akasema "arudi mezani." Mwalimu mmoja akamnunua, naye akasema arudi. Aliyemnunua mara ya tatu alimpelekea bibi mkononi: "Mama, huyu anataga, mrudishe bandani." Uwanja mzima vigelegele. Bibi amemkumbatia kuku wake, mwalimu akamuuliza mbona mjukuu haonekani darasani. Ndipo ikajulikana mtoto hana viatu, na kwa aibu bibi hakumwambia mtu. Jumatano mtoto alikuwa shuleni. Kamera ilikuwa imeshakunjwa. Na hata ingekuwa hewani, aliyeko nyumbani angebaki kuangalia tu, asingeweza kumuuliza bibi lolote.

Someni pia 1 Wakorintho 11. Wakorintho walikutana mezani, huyu ana njaa, yule amelewa, na asiye na kitu anatahayari. Paulo akawaambia: "mkutanikapo mpate kula, mngojane." Kosa lile liliweza kutokea kwa sababu tajiri na maskini walikuwa chumba kimoja, na lingeweza kurekebishwa kwa sababu hiyohiyo. Kwenye simu hakuna wa kumngoja. Mimi naanza saa nne, wewe unaanza usiku, matangazo unayaruka, mahubiri ukichoka unayasogeza mbele. Mkazi wa Masaki na muuza mchicha wa Tandale wanaweza kufuata ibada ileile mwaka mzima wasijuane hata sura.

Napendekeza hivi. Kurusha kuendelee, ila tujue tunamrushia nani: mgonjwa wa kiharusi, mama mwenye kichanga, nesi wa zamu, mlinzi, dereva wa lori aliyekwama Tunduma mpakani, ndugu aliyeko nchi isiyo na kanisa. Hao tuwaandike majina, na kila jina lipewe mzee wa kanisa wa kulipigia na, inapowezekana, kulifikia. Mwenye miguu na nafasi aje. Na tuache kutangaza madhabahuni kwamba tumekuwa na "watazamaji" elfu kadhaa kana kwamba ni mahudhurio. Mtu aliyefungua dakika mbili akafunga naye amo humo.

Karibuni tujadiliane kwa staha.

Kijana wa Tabata

Heshima yako mzee. Umeeleza vizuri upande wa kuku, upande wetu hujaugusa.

Ibada ya pili kwetu inaanza saa nne, inatoka saa nane. Mahubiri nusu saa. Muda uliobaki ni matangazo na changizo: ujenzi, gari, sare za kwaya, mchango wa jimbo, tena wanaitwa kwa viwango, wa laki wasimame, wa hamsini wasimame. Mimi nimemaliza chuo, natafuta kazi, nabaki nimekaa peke yangu benchi zima watu wakiniangalia. Nyumbani nasikiliza neno, naandika kwenye daftari, nasali, nakuwa na amani.

Na huko kuangaliana unakokusema, mzee wangu, mimi nilisali pale muda mrefu na hakuna aliyewahi kuniuliza jina. Nilipoacha kwenda hakuna aliyepiga simu. Afadhali mhubiri asiyenijua kwa kuwa yuko mbali kuliko benchi lisilonijua nikiwa nimekaa juu yake.

Mpresbiteri wa Kiambu

Bwana asifiwe kutoka Kenya. Naongeza yetu, kwa sababu sisi tulifungiwa kweli.

Tangu Machi 2020 makanisa yalifungwa. Julai tuliporuhusiwa tena, Baraza la Dini Mbalimbali chini ya Askofu Mkuu Anthony Muheria lilikuwa limetoa masharti: watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na wa chini ya miaka 13 na wa zaidi ya 58 wabaki nyumbani. Fikirieni kanisa la kijijini bila watu wa zaidi ya miaka 58. Kina mama wa Woman's Guild wanaotembelea wagonjwa ni hao. Wazee wa kanisa wanaojua kila boma kwenye wilaya yao ni hao. Tuliobaki tulikuwa na spika nzuri na viti vilivyopimwa umbali, lakini hatukujua nani anakaa wapi.

Tulipoanza kupata pumzi, Machi 26, 2021 kaunti tano, Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, zikafungwa tena mpaka Mei mosi. Pasaka ya Aprili 4 tuliifanyia sebuleni.

Nikwambie kilichonishangaza baadaye. Vijana walirudi haraka kuliko nilivyodhani. Waliokawia ni wazee. Wajukuu walikuwa wamewafundisha kufungua ibada kwenye simu, magoti yanauma, barabara ya kanisani ni matope, na wengine walikuwa wamezika wenzao bila kuwaaga, wakiona lile benchi wanaumia. Hawa si wavivu. Ilibidi tuwafuate mmoja mmoja na pikipiki, na ibada nyingine tukaanza kuifanyia kwao, boma kwa boma, Jumatano. Kwa hiyo mleta uzi, usiseme tu "mwenye miguu aje." Kuna mwenye miguu asiye na nguvu ya kurudi peke yake.

Mleta uzi

Mzee mwenzangu wa Kiambu, nimeipokea, hasa hilo la walioogopa benchi la marehemu. Sikuwa nimelifikiria, na nawajua wajane wawili kwetu ambao huenda ni hilo hilo.

Mdogo wangu wa Tabata, wewe nakujibu kwa urefu kidogo.

Kuwasimamisha watu kwa viwango vya pesa ibadani ni kosa, nalisema waziwazi. Yakobo sura ya pili anakataza kumwambia mwenye mavazi mazuri keti hapa pazuri na maskini simama kule. Sisi tumeliweka kwenye changizo tukaliita baraka. Kama baraza la wazee wa kwenu lina masikio, mnaweza kufanya tulivyofanya kwetu: changizo zote zikatolewa ndani ya ibada, zikahamia kwenye bahasha na kwenye kikao baada ya mnada, anayetaka anabaki. Mapato ya ujenzi hayakufa kama walivyotutisha.

Kuhusu kutoulizwa jina, hapo sina cha kuwatetea nacho. Usharika wa watu maelfu wenye ibada tatu kila Jumapili unaweza kumpoteza mtu akiwa amekaa safu ya tatu. Dawa yake haimo kwenye ibada kubwa. Iko kwenye jumuiya ya nyumba kwa nyumba, watu kumi na tano sebuleni kwa mtu, ambapo ukikosekana kiti chako kinaonekana. Anzia huko, hata kabla ya kurudi ibada ya pili.

Ila nikuulize na mimi. Lile daftari lako la mahubiri, nani analisoma? Kwetu darasa la kipaimara lina watoto wengi na mwalimu mmoja aliyechoka. Kijana anayesikiliza neno akaandika, akasali, ndiye yule mwalimu anayemwomba Mungu kila Jumamosi. Ukienda kanisani kuchukua tu, mara nyingi utarudi umevunjika moyo, maana mahubiri yetu mengine ni ya kawaida. Nenda kwa mwalimu wa kipaimara, mwambie una Jumamosi asubuhi. Kabla mwezi haujaisha jina lako litakuwa linaitwa na watoto njia nzima.

Katekista wa Ngara

Tumsifu Yesu Kristo.

Kwetu Wakatoliki swali la sakramenti lilijibiwa mapema. Mwaka 2002 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilieleza kwamba hakuna sakramenti kwenye intaneti. Padre hawezi kukuungamisha kwa simu, na Misa ya runinga haikupi Ekaristi, inakupa nafasi ya kusali na kufanya komunyo ya tamaa, yaani kumpokea Kristo moyoni kwa hamu tu. Hayo hayazuii neema. Machi 27, 2020, Papa Fransisko aliposimama peke yake kwenye uwanja wa Mtakatifu Petro mvua inanyesha akabariki dunia, sisi huku tulipiga magoti mbele ya redio na simu. Wakati huo huku jimboni kwetu Rulenge-Ngara Misa za hadhara zilisitishwa kwa muda, ingawa serikali haikufunga, kwa hiyo njaa ya Ekaristi tunaijua. Mwezi Agosti mwaka huohuo Kardinali Robert Sarah, aliyekuwa akisimamia mambo ya liturujia Vatikani, aliwaandikia maaskofu kwamba matangazo ya Misa ni huduma njema kwa wagonjwa, lakini hayalingani na kushiriki wenyewe, na hali ikiruhusu watu warudi.

Mimi sasa nina hofu na kitu kingine. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976 walichagua kujenga Jumuiya Ndogondogo za Kikristo, ili Kanisa liwe mahali ambapo watu wanakaa jirani na wanajuana. Ndizo zimetubeba mpaka leo. Lakini tazameni jumuiya zimekuwaje. Zamani Jumamosi alfajiri tulikutana kwa mwenyeji wa zamu, tukasoma Injili ya Jumapili, tukauliza nani mgonjwa. Sasa kuna kundi la WhatsApp. Katibu anatuma somo, watu wanaweka viganja viwili vya sala, mhazini anaweka orodha ya waliolipa, basi tumesali.

Mwezi uliopita alifariki baba wa jumuiya yetu usiku. Kwenye kundi pole zilimiminika mpaka simu ikaishiwa chaji. Kuchimba kaburi asubuhi tulifika wanne, mmoja ana umri wa miaka sabini. Hatukuwagombeza waliokosa. Tulichofanya, tulikubaliana kundi libaki la matangazo tu, na somo lisitumwe humo kabisa. Anayetaka kusali Injili na sisi aje kwa mwenyeji. Jumamosi ya kwanza walikuja wachache, ya pili wakaongezeka.

Dada wa Riyadh

Bwana asifiwe. Mimi ni Mkenya, nafanya kazi ya nyumba Saudi Arabia.

Huku hakuna kanisa hata moja, sheria hairuhusu. Wenzangu walioko Oman huwa wananiambia Muscat kuna kanisa kule Ruwi, kwenye kiwanja walichopewa na Sultani, na ibada kubwa ni Ijumaa kwa sababu Ijumaa ndiyo mapumziko. Sisi hatuna. Jumapili ni siku ya kazi, watoto wa hapa wanaenda shule, mimi niko kwenye chumba cha kupiga pasi. Saa yetu na ya Nairobi ni moja, kwa hiyo kanisa la nyumbani likianza saa nne mimi naweka spika sikio moja, simu naiegemeza kwenye rundo la mashuka, napiga pasi na wao wanaimba. Wakati wa sadaka huwa nangoja, kwa sababu hapo mama yangu hupita mbele ya kamera na kitambaa chake cha bluu. Nikimwona nimeshiba wiki nzima.

Mtu mmoja aliniambia hiyo si ibada, ni kuangalia video. Naomba mnijibu mnaojua Biblia. Danieli akiwa Babeli alifungua madirisha kuelekea Yerusalemu akapiga magoti mara tatu kwa siku. Hekalu lilikuwa limeshabomolewa. Ile yake ilikuwa nini?

Na msiseme siwezi kutoa. Mabati ya ule upande wa kushoto nimenunua mimi.

Mleta uzi

Dada yangu, ya Danieli ilikuwa ibada, na ya kwako ni ibada. Aliyekuambia vinginevyo alinena asichokijua.

Na wewe umeniongezea jambo. Danieli alielekea mji wake. Hakuelekea mji wowote uliokuwa na nyimbo nzuri. Wewe nawe simu yako ungeweza kuifungulia makanisa makubwa ya dunia nzima, umechagua lile ambalo mama yako anapita mbele ya kamera. Watu wale wanakujua, mabati yako yako juu ya vichwa vyao. Hiyo ni tofauti kubwa na mtu aliyeko kilomita moja kutoka kanisani ambaye kila Jumapili anachagua chaneli kufuatana na mada.

Nina maombi mawili. Mwandikie mchungaji wenu akutaje kwenye maombi ya kanisa zima, akitumia jina la mama yako tu kama lako ni hatari, "binti wa mama fulani aliye mbali." Na pili, kama mna wenzenu mnaosali pamoja kwa simu, msieleze mahali penye watu wengi ni lini na kwa njia gani. Usalama wenu kwanza.

Jambo moja zaidi kwa wote. Dada huyu anategemea mtandao kwa sababu hana njia nyingine. Sisi tunaoutegemea huku tuna njia tukumbuke unavyozimika. Uganda, Januari 2021, uchaguzi ulipofika intaneti ilikatwa kuanzia jioni ya tarehe 13 ikarudi tarehe 18, Jumapili ya tarehe 17 ikapita katikati. Kwetu ilikuwa Oktoba 29, 2025, na Jumapili ya Novemba 2 hapakuwa na laivu ya mtu yeyote. Vijana wangu wa kamera walikuwa na kila kitu isipokuwa pa kurushia. Mtaani kwetu tulijuliana hali kwa kubisha hodi, na ziko nyumba tulizozikosa kabisa kwa sababu waliomo tulikuwa tunawajua kwa majina ya kwenye chaneli peke yake.

Mama wa Moshi

Shikamoo mleta uzi, na hamjambo wengine.

Mume wangu alipata kiharusi, hasemi vizuri, hatoki. Tunafuata ibada kwenye runinga ya nyumbani, namweka kwenye kiti, namvalisha shati la Jumapili. Wimbo ukianza mdomo unatikisika, anaujua. Nilitaka kuuliza jambo ambalo naona haya kumuuliza mchungaji. Siku ya Chakula cha Bwana, wakati wanabariki kule, je, naweza kuweka mkate na juisi mbele ya runinga nikampa? Nimesikia wengine wakati wa corona walifanya hivyo. Simdanganyi, nataka tu apate.

Mleta uzi

Marahaba mama, na pole sana kwa kumuuguza mzee.

Ni kweli wakati ule makanisa mengine yaliruhusu, mengine yakakataa, na waliofanya kwa unyofu mimi siwahukumu. Lakini kwa mzee wetu huhitaji kufika huko. Kwenye utaratibu wa kanisa letu mgonjwa asiyeweza kutoka ana haki ya kuletewa Chakula cha Bwana nyumbani. Yakobo 5:14 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa. Waje wao, asihangaike yeye. Kwa hiyo kumwita mchungaji si kumsumbua, na haya usione.

Fanya hivi. Usimngoje mchungaji, maana ana sharika na mitaa mingi. Mpate mzee wa kanisa wa mtaa wenu au mwinjilisti, mwambie: nina mgonjwa, anahitaji Chakula cha Bwana, na anahitaji kutembelewa. Atamfikishia mchungaji na watakuja pamoja. Waombe waje na watu wawili watatu wa kwaya yake ya zamani, maana umesema nyimbo anazikumbuka. Siku hiyo runinga izimwe. Siku nyingine endelea kumvalisha shati lake mfuate ibada kama mnavyofanya.

Mama wa Moshi

Asante baba. Mzee wa mtaa ni jirani yetu kabisa, sikujua kama ndiye wa kuanzia. Nitamtuma mtoto kwake leo jioni.

Mpresbiteri wa Kiambu

Mleta uzi, hiyo orodha ya wasioweza kuja mnaiwekaje? Tunataka kujaribu kwetu.

Mleta uzi

Ni daftari la kawaida, wala hatukuliweka kwenye kompyuta ili lisisambae. Jina, nyumba iko karibu na nini, sababu ya kutokuja, mzee anayehusika, na tarehe aliyofikiwa mara ya mwisho. Walio mbali na nchi tunaandika namba ya ndugu yao wa hapa. Parishi weka, yaani mtumishi wa usharika, ndiye analitunza, na baraza la wazee likikaa, daftari linasomwa kabla ya taarifa ya fedha. Jina lililokaa muda mrefu bila tarehe mpya, mzee wake anaeleza kwa nini. Vijana wa kamera nao wana nakala ya majina, ili siku ibada ikikatika wawapigie hao kwanza. Mwanzoni wazee walilalamika kwamba ni kazi nyingi, kwa hiyo gawaneni nyumba chache chache, na wapeni kina mama nafasi ya kuchagua siku, wao ndio wanaojua mgonjwa huoga saa ngapi.